Mashine ya Arobaini Elfu

Niliolewa kwa ng'ombe wa wifi yangu. Si fumbo, ndivyo mambo yalivyokwenda. Mume wangu alikuwa na dada mmoja tu. Dada akaolewa upande wa Kalemela, ng'ombe kumi na wanne wakaingia zizini kwa baba yao, na kabla hawajazoea maji ya pale wakaswagwa tena hadi Kiloleli kwa baba yangu, kunichukua mimi. Kwa hiyo kila chumvi ilipozidi kwenye mboga, mume wangu alikuwa na utani wake: "Ng'ombe za dada zimeliwa bure." Watu walicheka. Mimi pia nilicheka, huku nameza mate machungu.

Utani huo niliuvumilia maadamu dada mwenyewe alikuwa mbali. Siku moja wakati wa kuvuna mpunga akatokea njiani, sanduku kichwani, hana mtoto mgongoni, jicho la kushoto limevimba. Alikuwa amemkimbia mumewe. Kaka yake hakumwuliza hata swali moja. Alimpa chumba cha mbele, kile chenye dirisha la vioo, ambacho mimi nilikuwa nimekiomba miaka mitatu nipange makochi yangu.

Nilimwonea wivu, na sitatafuta neno la kuupunguzia makali. Nilimwonea wivu wa vidole vyake virefu, wa mwandiko wake aliofundishwa na masista wa misheni, wa watoto wangu walioacha kunililia mimi wakaenda kulilia kwake. Mume wangu alianza kurudi mapema kutoka kilabuni. Alikuwa anavuta kigoda mpaka mlangoni kwa dada yake, wanaongea Kisukuma cha utotoni mwao, wanataja ng'ombe waliokufa kabla mimi sijafika, huyu alikuwa na pembe iliyopinda, yule alikuwa mkorofi wakati wa kukamuliwa. Mimi sikuwa na ng'ombe hata mmoja wa kumkumbuka pale. Nilikuwa napita na sufuria mkononi kana kwamba nina kazi ya haraka.

Haikupita miezi miwili, wakwe zake wakatuma watu kutoka Kalemela. Ujumbe ulikuwa mfupi: mke arudi, au ng'ombe warudi. Sasa ng'ombe wenyewe watoke wapi? Walikuwa kwa baba yangu, na kwa baba yangu hawakuwapo tena, kaka zangu wawili walikwisha kuoa kwa ng'ombe hao hao. Mahari haikai mahali pamoja. Mume wangu aliomba wamsubiri mpaka pamba ya msimu unaofuata, nao wakakubali kwa kununa.

Wifi hakulia. Alisema yeye ana kazi mikononi. Masista walimfundisha kufuma masweta, na walimu wakuu wa shule zetu wakati huo walikuwa wameanza kuwarudisha nyumbani watoto wasio na sweta, eti baridi ya Juni, Bariadi hii hii yenye jua la kukausha mihogo. Kwa sindano mbili za mkono sweta moja lilimchukua wiki. "Nikipata mashine," alimwambia kaka yake, "nafuma moja kwa siku. Ng'ombe hizo nitazirudisha mwenyewe, mmoja mmoja, na hakuna atakayenipeleka Kalemela tena." Alisema akiwa amesimama wima, na mume wangu alimtazama kwa namna ambayo hajawahi kunitazama mimi hata siku nilipomzalia mtoto wa kiume.

Hizo ndizo siku za ruksa. Baada ya miaka ya kupanga foleni ya sabuni kwenye duka la ushirika, ghafla vitu vikamiminika. Tulikuwa bado mkoa wa Shinyanga, Simiyu lilikuwa jina la mto tu, lakini hata sisi tuliona redio za kaseti, mafuta ya nywele, viatu vya kung'aa vinavyokatika siku ya tatu. Mjini Bariadi palikuwa na mwenye duka mmoja, mtu wa pwani mwenye maneno matamu, aliyekuwa wakala wa tajiri wa Mwanza. Ukutani alibandika karatasi ya vitu na bei zake. Unachagua, unalipa, unapewa stakabadhi yenye mhuri, na baada ya wiki mbili lori la tajiri linakuletea mzigo wako. Hata kitu chenyewe hujakigusa. Tuliona ni maajabu ya maendeleo.

Siku ya gulio tulikwenda wawili, mimi na wifi, kununua chumvi na mafuta ya taa. Yeye ndiye aliyeiona karatasi. Aliweka kidole kwenye mstari na kidole hakikutoka: Mashine ya kufumia masweta, shilingi 40,000.

"Wifi," akaninong'oneza, "wewe uliyefika Mwanza, bei ni hii kweli?"

Hapo natakiwa nieleze. Mwaka uliotangulia nilimpeleka mwanangu hospitali Mwanza, na katika kuzunguka nikaiona mashine kama hiyo dirishani, na bei yake imeandikwa kubwa. Nilikuwa na haja kubwa ya kuwa mjuzi wa kitu fulani mbele ya mwanamke huyu. Nikainua kidevu.

"Mwanza ni laki na arobaini. Nimeiona kwa macho yangu. Hawa wamekosea. Tuwahi kabla hawajashtuka."

Akaniangalia. "Si tumwulize kwanza? Asije akaingia hasara, masikini."

"Ukimwuliza ataifuta. Biashara ni macho. Wewe unataka mashine au hutaki?"

Alitazama tena karatasi. Nilijua anachotaka, na nilijua kwa nini. Jioni ile akamwambia kaka yake amsaidie kuuza mtamba wake, ng'ombe pekee aliyekuwa mali yake mwenyewe, zawadi ya bibi yake. Mimi nikamwambia mume wangu kwamba kama dada ananunua mashine, na mimi nataka mashine. Aliuliza nitafumia nini, kwa sababu hata kifungo cha shati nilikuwa nampa fundi ashone. Nikamjibu kwamba nitajifunza. Nikanuna siku tatu, ugali ukatoka na madonge, na siku ya nne akanipa pesa ya pamba iliyokuwa ya kununulia plau.

Tulilipa siku moja, mimi nikiwa mbele yake dirishani. Stakabadhi yangu ilitangulia ya kwake kwa namba moja. Nilikuwa nimehakikisha.

Lori lilipokuja mimi nilikuwa Kiloleli, baba alikuwa mgonjwa. Niliporudi nilisikia mlio kabla sijafika uani, krraa kwenda, krraa kurudi, kama mtu anayevuta zipu ndefu isiyo na mwisho. Mashine ilikuwa imefungwa kwenye meza chini ya dirisha la vioo. Bamba la chuma lenye sindano nyingi zilizojipanga, na juu yake kitu cha kusukuma kushoto na kulia, na chini yake sweta la bluu likishuka taratibu. Watoto wangu walikuwa wamekaa sakafuni midomo wazi.

"Yangu iko wapi?" niliuliza, hata salamu sikutoa.

"Mwangaluka, wifi. Baba anaendeleaje?" Akasimama kunipokea mzigo. "Ilikuja moja. Mwenye duka akasema chukua wewe, ni nyumba moja. Yako inakuja na lori lijalo."

Nyumba moja! Namba yangu ilikuwa mbele. Nilimwambia mume wangu, akasema, "Sasa wewe mashine ungeifanya nini wiki hizi mbili? Mwache mwenzio aanze kazi." Wiki hizo mbili nililala na mlio ule na kuamka nao. Wazazi walianza kuja na vipimo vya watoto wao. Walikuwa wanapita mbele yangu nikiwa napepeta mchele, wananisalimu juu juu, wanaingia chumba cha mbele. Mwalimu mkuu mwenyewe alifika kwa baiskeli akaagiza masweta ya darasa zima. Wifi alimpa kiti changu.

Lori lijalo halikuleta kitu. Lilileta barua. Mwenye duka aliniita akanisomea kwa sauti ya msibani: bei ilikuwa na makosa, oda imefutwa, mteja aje achukue fedha yake. Na chini, mstari wa pili: mashine iliyokwisha kutoka irudishwe, au mnunuzi aongeze laki moja.

"Wallahi, mama, ni simu," alisema. "Nilikwenda posta, laini inakwaruza, tajiri anasema laki na arobaini, mimi nikasikia arobaini. Na nani hapa Bariadi alikuwa anataja laki? Laki tulikuwa tunaisikia kwa watu wa chama cha pamba tu. Nikaandika arobaini elfu."

Nikamwonyesha mhuri wake. "Hii ni nini? Ulipokea hela, ukagonga mhuri. Kosa ni la kwako, kwa nini nilibebe mimi? Mnunuzi hana haki?"

Siku hizi mjukuu wangu hununua viatu kwa simu, na juzi walimtumia ujumbe wa namna hiyo hiyo, samahani kwa usumbufu, bei haikuwa sahihi, akalaani mchana kutwa. Nilimsikiliza nikiwa nachambua mchicha. Ujumbe wa simu angalau hauna macho ya kukuangalia.

Shauri likaenda baraza la kata. Tulikaa ndani ya ghala la pamba la chama, tupu msimu ule, nyuzi nyeupe bado zimenasa kwenye mbao. Mwenyekiti wa baraza alikuwa amefanya udalali mnadani karibu maisha yake yote, na sauti yake ilikuwa bado ya kuuzia ng'ombe. Hata akikuomba maji uliona kama anakunadi. Sheria za vitabu aliziheshimu, lakini zake alizitoa mnadani.

Mwenye duka alieleza habari ya simu na laki iliyomezwa na laini. Mimi nikatoa stakabadhi yangu, nikasema nimelipa kwanza, nina haki kwanza. Wifi alisimama mwisho, akasema amelipa bei aliyoambiwa na mzigo amekabidhiwa.

Mwenyekiti akauliza swali moja tu. "Kamba iko mkononi mwa nani?"

Kila mtu mle ghalani alimwelewa. Mnadani kwetu mnaweza kubishana bei mpaka jasho liwatoke, mnaweza hata kuhesabiana pesa, lakini ng'ombe anakuwa wako pale muuzaji anapokutia kamba mkononi. Kabla ya hapo kila mtu anaweza kurudi kwake. Baada ya hapo, hata kama muuzaji amejipunja, aende akajilaumu nyumbani.

"Huyu ameshika kamba," akasema, akimwonyesha wifi. "Mashine ni yake. Huyu mwingine ameshika karatasi. Arudishiwe fedha yake yote, hata senti isipungue, na mwenye duka ampe nauli kwa kumsumbua."

Wanawake waliokuwa nyuma wakaanza kumpongeza wifi. Mume wangu alikuwa anatabasamu. Nilisimama katikati ya ghala na karatasi yangu yenye namba ya mbele. Hata sheria ilimpenda yeye.

Mwenye duka akanyoosha mkono. "Mzee, hata mnadani kuna lingine. Mnunuzi akijua muuzaji amekosea, akanyamaza ili amle, kamba si inarudi?"

"Inarudi," mwenyekiti akakubali. "Huo ni wizi wa macho." Akamgeukia wifi. "Binti, ulijua?"

Wifi alishika ncha ya khanga yake. "Mimi Mwanza sijawahi kufika, baba."

Ilikuwa kweli tupu, na haikuwa jibu. Mwenyekiti aliikubali. Alikwisha kuinua fimbo yake afunge baraza. Ningekaa kimya sekunde tano tu zaidi, watu wangetawanyika wakale.

"Alijua," nikasema.

Mwenyekiti akashusha fimbo.

"Alijua kwamba Mwanza ni laki na arobaini, kabla hajalipa. Nilikuwapo. Alisema, hawa wamekosea, tuwahi kabla hawajashtuka."

Niliyasema maneno yangu mwenyewe, neno kwa neno, nikayaweka mdomoni mwake mbele ya kata nzima. Hata sauti niliigiza kidogo. Mume wangu aliacha kutabasamu.

Mwenyekiti aliegemea mbele. "Binti. Maneno hayo yalisemwa au hayakusemwa?"

Wifi alinitazama. Sikuona hasira, na hilo ndilo lililonitisha, maana hasira ningeijibu. Alikuwa kama mtu anayepima kitambaa kabla ya kukikata.

"Yalisemwa," akajibu.

Nimeishi na neno hilo zaidi ya miaka thelathini. Kiswahili kinaruhusu mtu aseme kweli namna hiyo, bila kumtaja mtendaji. Yalisemwa. Nilisubiri mwenyekiti aulize, na nani? Angeuliza tu, wifi asingedanganya, namjua. Lakini mzee alikuwa amepata alichotaka. Kamba ikarudi.

Mashine ilichukuliwa siku ile ile. Wifi mwenyewe aliifungua skrubu moja baada ya nyingine, akaifuta vumbi, akaiweka kwenye kasha ililokuja nalo. Sweta lililokuwa limefika kwapani alilitoa kwenye sindano kwa uangalifu ili lisifumuke. Alirudishiwa arobaini elfu yake. Mtamba hakurudishiwa, alikuwa amekwisha kuuzwa, na bei ya mitamba ilikuwa imepanda. Mwenye duka alinitumia doti ya khanga, kwa kushukuru, alisema, mwanamke mkweli. Mume wangu naye alinisifu, kwa sauti ndogo, bila kuniangalia. "Ni dada yangu, lakini ulisema kweli. Wengine wasingethubutu."

Wakwe wa wifi walisikia. Habari ya kushindwa haihitaji nauli. Walikuja kabla pamba haijachanua. Masweta hayakuwapo, ng'ombe hawakuwapo. Wifi akafunga sanduku lake.

Nilimsindikiza mpaka njia panda, kwa sababu desturi ilitaka hivyo. Wanaume wa Kalemela walitangulia na baiskeli. Moyoni nilikuwa nimekwisha kupanga makochi kwenye chumba cha mbele, moja hapa, moja pale, meza katikati. Lakini kabla hatujaachana swali likanitoka.

"Kwa nini hukusema kuwa ni mimi?"

Alitua sanduku. Akarekebisha kata ya kichwani, taratibu.

"Ningesema, kaka angekurudisha kwenu siku ile ile, mbele ya watu, na watoto wangebaki. Namjua. Nyumba ile nimeijenga kwa ng'ombe zangu, wifi. Siwezi kuivunja kwa mdomo wangu."

Akajitwika sanduku, akawafuata wale wanaume. Shingo yake ilikuwa imenyooka, hakugeuka hata mara moja, na mimi nilisimama pale njia panda nikimwonea wivu.